Nilivyomtafuta Mkia Bibi Harusi

Nikiikumbuka siku ile najifunika kanga usoni, na mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kujifunika uso. Mimi ni somo, kungwi wa maharusi, nimewasinga mabibi harusi wa Bagamoyo mpaka baadhi yao wameniletea na mabinti zao, na sikuwahi kupata lawama hata moja kabla ya kile kitabu.

Kilikuwa cha mjukuu wangu Mwanaidi. Nilimnyang'anya, nikamwambia nyumba hii hamsomwi uongo, nikakitia chini ya godoro langu, na ningekiacha hapo yangeisha, ila nikasema ngoja nione ukurasa mmoja, nijue ninachokikataza (kusoma nasoma, polepole, kidole juu ya mstari). Hadithi yenyewe ya nchi za baridi huko Ulaya, imetiwa Kiswahili: mwanamke mzuri katoka msituni kwenye theluji, ana mkia wa ng'ombe anauficha ndani ya sketi, haketi ila upande, na anayeuona akacheka hugeuzwa kisiki, kisha bibi huyo hukikalia akinywa kahawa. Nikasonya, nikafunua ukurasa wa pili. Siku tatu nilisoma, na wali ukaniungulia mara mbili.

Siku ya nne akaletwa Zuhura, binti wa Mlingotini, nimsinge kabla ya ndoa. Mzuri mpaka unaogopa. Nikamkaribisha mkekani, akaketi upande.

"Keti vizuri, mwanangu."

"Hivi hivi inatosha, bibi."

Nikamsugua singo, ule unga wetu wa manukato, mikono, mgongo, nilipofika kiunoni akaibana kanga kwa mikono miwili. "Hapo niache, nitajisugua mwenyewe."

Basi akili ikanitoka (bismillahi nilisema, lakini mkono ulikuwa ushatangulia), nikapapasa chini ya kanga, nikakuta kitu kigumu kina joto, nikakibana barabara na kuuliza kwa sauti, "Huu mkia, mama yako anaujua?"

Ukelele alioupiga ulimleta mama yake mbio kutoka uani. Lilikuwa jipu, na nilikuwa nimelipasua.

"Mwanangu ana mkia?" mama akauliza taratibu, na afadhali angefoka. "Vaa, Zuhura. Somo hayuko mmoja Bagamoyo."

Nikaiona kazi yangu ya umri mzima inatoka mlangoni, maana habari ile ingefika sokoni kabla yao. Uongo wa kunifaa sikuupata. Nikaingia chumbani, nikatoa kitabu chini ya godoro, nikawaeleza yote, na Mwanaidi kasimama pale ananitazama.

"Kwa hiyo bibi umefika ukurasa wa ngapi?" akaniuliza.

Mama mtu hakucheka. Aliyeniokoa ni Zuhura, machozi hayajamkauka, akajishusha mkekani akaketi sawasawa. "Mama, wiki nzima sijakaa hivi, nilikuwa naona haya kusema. Tusiende. Ila Mwanaidi atusomee hicho kitabu, bibi akinisinga."

Mwanaidi akasoma siku zote zilizobaki, na aliyewahi kufika kuliko wote na kukaa karibu zaidi ni mama yake Zuhura.

Tangu hapo simnyang'anyi mtu kitabu. Nikikitaka nakiomba mchana kweupe. Juzi Zuhura kaniletea kichanga chake nimwogeshe, na kabla hata ya shikamoo akamgeuza mtoto mgongo.

"Kagua kwanza, bibi."

Nikakagua. Kwa macho tu.