Balungi la Kila Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano. Nilipewa sweta kuukuu ya mtumba na beseni, nikaambiwa niifumue. Karakana yetu ilikuwa Kondele, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Msimamizi alikuwa mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa, na bado alishinda akiuliza miwani yake iko wapi.

"Wewe ni nyar wapi?" akaniuliza. Maana yake, binti wa wapi.

"Nyakach, Mama."

"Basi, Nyar Nyakach, geuza hiyo sweta uangalie mshono kabla hujavuta uzi. Ukivuta kwanza, utaniletea nyuzi za kushonea vifungo."

Ninyi mnaojifunza kufuma kwa simu, hilo lishikeni. Sweta ambayo mgongo, kifua na mikono vilifumwa kila kimoja kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa, itakupa uzi mmoja mrefu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ile iliyokatwa kwa makasi kama kitambaa itakupa vipande vya urefu wa mkono, na hapo umenunua hasara. Uzi mpya wa dukani hatukuuweza, kwa hiyo sweta za mtumba ndizo zilikuwa shamba letu. Tulizifumua, tukaosha uzi, tukauning'iniza na jiwe chini ili unyooke, kisha tukauviringisha kuwa madonge. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye sakafu ya saruji.

Baada ya wiki mbili nilitumwa sokoni kununua sweta, kwa sababu ya mdomo wangu. Muuzaji mmoja wa pale alikuwa akiniona tu anashusha bei mwenyewe.

"Mama, leo tusichoshane. Chukua kwa bei ya jana."

"Jana ulikuwa umeniibia," namjibu, na tunaanza upya.

Sifa yangu ya pili ilikuwa kuhesabu. Kufuma ni kuhesabu vitanzi, yaani zile pete za uzi zinazokaa kwenye sindano. Mimi nilivihesabu nikienda, nikavihesabu nikirudi. Msimamizi aliliona hilo, akanipa kazi ya upimaji katika miezi yangu ya majaribio.

Upimaji ulikuwa hivi. Tulikuwa tumepata oda ya kofia sitini za watoto wachanga, kutoka kwa Sista mkuu wa wodi ya uzazi katika hospitali moja ya mjini. Kofia ya mtoto ni kazi rahisi, naifundisha hadi leo. Unafuma kipande kama skafu fupi pana. Ukikaribia utosi unaunganisha vitanzi viwili viwili kuwa kimoja, unapitisha uzi katika vilivyobaki, unakaza, unashona ubavuni. Lakini uzi wa mtumba una tabia zake. Huu mnene, ule mwembamba, na vitanzi sabini vya uzi huu si vitanzi sabini vya uzi ule. Kwa hiyo kila donge lilijaribiwa kwanza. Unafuma ukanda mdogo, unauzungusha kwenye kitu cha ukubwa wa kichwa cha mtoto, unajua vitanzi vingapi vinatosha. Kitu chenyewe kilikuwa balungi. Sista alikuwa amechagua moja sokoni mwenyewe, akalipima kwa utepe, akasema, "Kama hili."

"Kila Jumatatu," Msimamizi akaniambia, akiniwekea sarafu mkononi, "nunua balungi jipya la ukubwa huu huu. La wiki iliyopita mkalile."

Jumatatu ya kwanza nililitazama lile balungi la Sista. Halikuwa limeoza. Halikuwa na doa. Mimi ninayebishana asubuhi nzima kwa ajili ya sweta moja, nitupe tunda zima? Nikatia sarafu kwenye mkebe wa kahawa, nikalipaka balungi mafuta ya kujipaka, likang'aa kama limechumwa jana. Nikafanya hivyo Jumatatu tano. Senti sikula. Nilipanga kuuweka ule mkebe mezani siku ya mwisho, Msimamizi aone amepata mtu wa aina gani. Kiti cha mkaguzi kilikuwa wazi, na mtu mmoja tu wa majaribio ndiye angebaki: mimi au Mama Risper.

Mama Risper alikuwa mjane kutoka Manyatta, amenizidi miaka kama kumi. Alifuma haraka kuliko sisi sote, na nyingi za zile kofia sitini zilipita mikononi mwake. Kosa lake lilikuwa kukaza uzi. Tulimtania kwamba akifuma soksi, mguu utahitaji kuomba ruhusa kuingia.

Tulipeleka kofia zote sitini kwa pamoja. Siku ya tatu Sista akapanda ngazi zetu na mfuko, akaumwaga juu ya meza.

"Hizi mlipima kwa kichwa cha nani? Watoto wana alama kwenye paji la uso. Kuna mama ameniuliza kama ni stampu ya hospitali."

Tukacheka, kisha tukaacha. Sista akazipanga kofia moja moja, kubwa hadi ndogo, zikashuka mezani kama ngazi. Ishirini na moja zilikuwa zimefaa, amebaki nazo. Thelathini na tisa zilikuwa zimerudi. Nilizihesabu mara mbili, zikabaki thelathini na tisa.

Msimamizi akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani.

"Mama Risper. Mkono wako huo. Nimekuambia mara ngapi ulegeze?"

"Nimelegeza, Mama."

"Hii ndiyo kulegeza? Yawa! Oda ya kwanza ya hospitali! Kesho usije kwanza, nitakuita."

Mama Risper aliinua viganja vyake akavitazama, kama mtu anayetazama viatu vilivyomwangusha. Nami wakati huo nilikuwa nimelitazama balungi langu kwenye rafu, na kwa mara ya kwanza katika wiki sita niliona lilivyo. Lilikuwa linang'aa, ndiyo. Lakini lilikuwa limekauka ndani ya ganda lake likasinyaa, kidogo kila wiki, na mimi kila wiki nilikuwa nikihesabu vitanzi vichache zaidi kwa usahihi mkubwa kabisa. Hesabu zangu hazikuwa na kosa hata moja. Kipimo ndicho kilikuwa kinapungua.

Nitawaambia ukweli, sikusema mara moja. Nilipima. Nikinyamaza, kiti ni changu, na hakuna atakayejua. Mama Risper tayari ameshika mlango atoke. Nikapima tena upande wa pili. Kisha nikachukua balungi na mkebe, nikaviweka mezani katikati ya zile kofia.

"Mama, sikununua mengine. Ni hili hili tangu mwanzo. Sarafu zako zimo humu."

Sista alilishika lile balungi, akatoa utepe mfukoni, akalizungusha. Akamwonyesha Msimamizi. Msimamizi akafungua mkebe, akatazama ndani.

"Umeniokolea mabalungi matano," akasema polepole, "ukanipotezea kofia thelathini na tisa. Hiyo hebu ihesabu mara mbili."

Mafundi wengine waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Sista ndiye aliyeokoa kidogo. Alichukua zile ndogo kabisa, kumi na moja, akazirudisha mfukoni. "Hizi naenda nazo. Nina waliozaliwa kabla ya wakati, hakuna anayewafumia." Ishirini na nane zilizobaki nilifumua mwenyewe siku mbili mfululizo, pale pale kwenye beseni nililoanzia. Siku ya pili Mama Risper alivuta kigoda, akakaa kando yangu, akaanza kuviringisha madonge bila kuombwa.

"Unajua kitu, Nyar Nyakach?" akasema. "Nilikuwa nimeshaamini. Nilishika ule mlango nikijua ni mikono yangu. Ungenyamaza, ningekwenda nyumbani nikaishi nayo hivyo."

Kofia ningeweza kufumua na kufuma upya. Hilo alilosema halikuwa na uzi wa kuvuta.

Kiti cha mkaguzi alipewa yeye. Mimi Msimamizi hakunifukuza. Alinituma Katito, kwetu Nyakach, nikawafundishe akina mama wa kikundi cha soko kufuma vitu vidogo vya kuuza na vya zawadi: skafu, bendi za nywele, soksi za mtoto, mifuko ya simu. Nilidhani ni adhabu. Nilikaa huko miaka mingi kuliko nilivyokaa Kondele. Niliporudi karakanani, Mama Risper ndiye alikuwa Msimamizi, nami nikafanya kazi chini yake hadi vidole vilipoanza kukataa spoku.

Sasa nimestaafu, naishi Manyatta. Wasichana wa jirani huja kufuma kwangu, wananionyesha kwenye simu kofia zenye idadi ya vitanzi iliyoandikwa tayari. Nawaambia idadi ni nzuri, lakini imepimwa kwa uzi wa nani, na kichwa cha nani? Wananiona mzee msumbufu. Utepe wa kupimia ninao, Sista aliniachia ule wake siku ile, lakini bado nanunua balungi kila Jumatatu. Muuzaji nabishana naye vilivyo, maana tabia nyingine haziponi.

Mama Risper naye amezeeka, ananipigia simu Jumatatu hiyo hiyo jioni. Hasalimii.

"Umenunua?"

"Nimenunua."

"Na lile la zamani?"

"Nimelila."

"Lilikuwa bado zuri?"

"Zuri kabisa, Mama," namwambia. "Lilikuwa linang'aa."