Bukuru na Mlima Uliomchukua Butoyi

Jua bado limejificha nyuma ya mlima, lakini Eufrasia Bukuru tayari yuko kwenye mteremko, amechutama mbele ya ukuta wa mawe. Anageuza jiwe, analikalisha, analigonga kwa kiganja. Linacheza. Analitoa, anaanza upya.

"Hili halijakaa," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiliacha hivi, masika ikija linaondoka na udongo wote."

Chini yake, nyumba za kitongoji zimebanana kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kagunga, mahali ambapo gari halifiki. Kwa vizazi vingi wakazi wamelima mihogo na michikichi kwenye mashamba ya ngazi yanayoshikiliwa na kuta hizi. Hakuna anayejua nani alipanga jiwe la kwanza.

Eufrasia, mwenye umri wa miaka 61, alifundishwa kazi hiyo na baba yake, pamoja na pacha wake, Honorata. Kwa Waha, pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi.

"Mimi nilipanga, Butoyi alichagua. Kwa jicho la mawe alinishinda."

Miaka minne iliyopita, wafanyabiashara walianza kuja na boti kununua mawe ya kujengea misingi. Wakazi wakaitana mkutanoni. Eufrasia alisimama kupinga. Aliyemjibu ni Oswald, mume wa Honorata.

"Shemeji, watoto wanakula mawe?"

Watu wakacheka. Kuta za juu zikabomolewa, zikapakiwa botini.

Masika iliyofuata, mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi moja, Oswald akiwa ziwani na nyavu zake, mteremko ulikatika. Honorata alikuwa jikoni. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono, hadi udongo ulipoanza kushuka tena, ikabidi wakimbie. Hajapatikana mpaka leo.

"Nilimwita, Butoyi, Butoyi," anasema Eufrasia. "Wakanivuta. Wakasema, mama, acha, na wewe utaondoka."

Baada ya matanga, wengine walihama. Yeye alianza kuokota mawe yaliyoporomoka na kuyapandisha mlimani, moja moja. Hakuna anayemlipa. Jirani huyu humletea unga wa mhogo, yule dagaa.

Oswald hakumsemesha kwa muda mrefu. Kisha siku moja alipanda akihema, jiwe begani.

"Niliweke wapi?"

"Hapo. Upande bapa uwe chini."

Tangu hapo, siku asizovua, Oswald hupanda. Hufanya kazi bega kwa bega, na jina la Honorata halitajwi.

"Sijamsamehe," Eufrasia anasema kwa sauti ya chini, shemeji yake akiwa mbali kidogo. "Lakini mawe ni mazito, na mikono yangu imechoka. Na yeye usiku halali, namsikia anavyokohoa."

Zimebaki ngazi tatu kufika ilipokuwa nyumba ya pacha wake. Anataka kufika kabla ya masika. Kuna waliomshauri ajenge kaburi la saruji pale. Hataki.

"Nitapanda mihogo, kama alivyokuwa anapanda mwenyewe," anasema, akijifuta udongo kwenye kitenge. "Halafu nitakaa pale, nipumzike naye kidogo."