Usukani wa Garimoshi Langu

Jumamosi, 14 Juni 1997. Nitawaeleza yote, hata sehemu ya aibu.

Marafiki wa Homa Bay, naandika kwenye ukurasa wa vichekesho wa daftari ambalo chama chetu cha magarimoshi ya kuchezea na chenu hutumiana, ingawa mimi sijacheka.

Leo Mzee Ouma, aliyestaafu kazi ya reli Kisumu, alikuja Migori kuchagua garimoshi moja la kuletwa kwenye maonyesho huko kwenu.

Langu nililiunda kwa mikebe ya mafuta ya kupikia. Nimeling'arisha wiki nzima.

Akalishika, akachungulia ndani.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "hii duara ni ya nini?"

"Ni usukani, Mzee. Wa kukatia kona."

Akauzungusha kwa kidole.

"Umewahi kuona treni?"

Nikatikisa kichwa. Hapa kwetu reli itoke wapi?

"Treni haina usukani, binti yangu. Inafuata reli tu."

"Akinyi, piga honi, abiria wamechelewa!" Auma, mwenzangu wa chama, akanipazia sauti.

Chama kizima kikaangua kicheko. Na mimi ndiye katibu!

Mzee hakucheka. Alisema, "Hili ndilo litakaloenda Homa Bay."

Sijui amependa kazi yangu au amependa kichekesho.

Nijibuni kabla ya Jumamosi ijayo: niung'oe usukani, au hata nyinyi mmeweka usukani kwenye yenu?