Fito za Bibi Fructuosa

Bibi yangu mzaa mama, Fructuosa, alikuwa mkaidi, na nasema hivyo kwa kujivuna. Padri alimbatiza, akamfundisha kusali na kusuka mikeka ya kanisa, lakini ukaidi wake hakuuweza.

Kwetu sisi Wamutsun, wenyeji wa nchi hii kabla ya Wahispania, binti akiolewa, mama yake humsukia mjukuu susu la kumlaza na kumbebea mgongoni. Husukwa kwa fito zilizonyooka za kichaka kiitwacho hazeli, na hazeli haitoi fito za namna hiyo mpaka ichomwe moto kabla ya mvua. Wahispania walipokuja wakapiga marufuku moto, eti malisho ya ng'ombe wao yataungua. Vichaka vikapinda vikawa ovyo kabisa, na kina mama wa misheni wakawa wanawafunga watoto kwenye ngozi ya ng'ombe.

"Mjukuu wangu afungwe ngozini kama mafuta ya ng'ombe ya kuuzwa?" Bibi alisema mama alipoolewa. "Thubutu!"

Akachukua makaa jikoni mchana kweupe, watu wanatoka misa, akapanda mlimani akachoma mteremko mmoja. Walipompeleka kwa Padri, Bibi alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi.

"Nani amekuamuru?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi huyo mama yako?"

"Mmemzika nyuma ya kanisa."

"Na bintiyo hana hata mimba!"

"Fito hazingoji mimba, Baba Padri."

Wakamfunga miguu kwenye mkatale uani, jua linamchoma, wapita njia wanamtazama. Alikaa humo akiwasalimia wote kwa majina.

Mvua zikanyesha. Mama akapata mimba, ndiyo mimi huyo, na mlimani zikachipua fito laini, zimenyooka, zinakua kwa kasi. Lakini majani mabichi nayo yaliota pale palipoungua, na Padri, yule yule aliyelaani moto, akaamuru ng'ombe wapelekwe wakale. Hasira hiyo ninayo mpaka leo!

Bibi alifika akakuta wameshaingia. Akasimama katikati ya vichaka na gongo lake, akiwatandika puani. Ndipo akaja Nicanor juu ya farasi, mtoto wa kaka yake, ambaye Wahispania walikuwa wamempa fimbo ya unyapara.

"Shangazi, toka hapo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Njoo ulivunje basi, mkuu."

"Nikirudi bila wewe watanifunga mimi!"

"Mkatale mimi naujua. Hauui." Akamtandika fahali mmoja. "Mwanao mgongo umepona?"

Nicanor akaishusha fimbo. Mwanawe mchanga alikuwa ametoka vidonda vibaya kwa kufungwa kwenye ngozi ile. Usiku kucha misheni nzima ilikuwa ikimsikia akilia.

"Haujapona," akasema. Akashuka farasi, na fimbo ile ile ya unyapara akaitumia kuswaga ng'ombe mpaka bondeni. Jioni alivuliwa cheo, akafungwa pale pale alipofungwa Bibi.

Sasa, ng'ombe walikuwa wamekula sana. Bibi alipokata fito zilizobaki, akazichuna na kuzipanga sakafuni, zilitosha susu moja tu. Alisuka huku mama amekaa karibu, tumbo lake kubwa, anamsifia mkono. Lilipokwisha, Bibi akajitwika, akatoka nalo.

"Mama, unalipeleka wapi?"

"Kwa mke wa Nicanor."

"Na mwanangu? Si uliapa!"

"Niliapa, ndiyo. Lakini yule ana vidonda, na baba yake yuko kwenye mkatale kwa ajili yangu. Wako atasubiri."

Mama alilia kwa uchungu, akakaa siku nyingi hasemi naye. Mimi nikazaliwa, nikafungwa ngozini, na aliyenifunga ni Bibi mwenyewe, machozi yanamtoka, hajutii hata kidogo. Mgongo wa yule mtoto ukapona.

Mwaka ule ule, kabla mvua hazijarudi, Bibi alipanda tena mlimani mchana kweupe. Makaa aliyabeba Nicanor.