Koku Haamini Bei ya Bure

Saa tatu kasoro asubuhi, Kokushubila Revelian anasimama mbele ya duka la kubadilishia fedha Mbezi Luis, daftari mkononi. Hana hata dola moja ya kubadilisha. Anasoma ubao, anaandika, anaondoka. Wiki ya kwanza mlinzi alimfukuza akidhani anapeleleza duka.

"Simlaumu," anasema Koku, kama wanavyomwita mtaani. "Hata mie ningejifukuza."

Koku, 31, mzaliwa wa Bukoba, anatengeneza programu za simu chumbani kwake. Mwezi ukiwa mzuri anapata Sh300,000. Programu yake mpya inawasaidia wachonga vinyago kuwapangia bei wateja wa nje ya nchi. Mwanzoni thamani ya dola ilikuwa inaichota yenyewe mtandaoni, kwenye tovuti inayoitoa bure. Hapo ndipo alipoponzwa.

Mwezi uliopita Mzee Polikarpo, mchongaji wa kwanza kumwamini, alitaka Sh260,000 kwa kinyago. Programu ikamwambia aombe dola 100. Alipozibadilisha, akapewa Sh248,000.

"Alinifuata hadi mlangoni. Nikamwamkia, shikamoo mzee, kimya. Kisha akaniuliza, 'Mwanangu, hiyo elfu kumi na mbili umegawana na nani?' Niliumia, we acha tu."

Alipochunguza, akakuta tovuti ile kila asubuhi inabadilisha tarehe tu. Bei ilikuwa ile ile kwa siku tisa, na mwenye tovuti hajulikani. Akahamia nyingine. Hiyo ikapandisha dola Jumapili, benki zote zikiwa zimefungwa.

"Nikajiuliza, nani kaipandisha? Kanisani?"

Sasa anachukua bei inayotangazwa na Benki Kuu, na bado anaenda kuilinganisha na ubao wa Mbezi kwa macho yake. Tarehe ya bei ikiwa imepita, au bei isipotikisika siku tatu za kazi, programu inagoma kupiga hesabu. Inaandika tu: "Bei ya leo siijui."

Koku alimrudishia Polikarpo Sh12,000 kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Mzee alizihesabu mara mbili. Tangu siku ile, Koku akimwamkia, mzee anatikisa kichwa tu.

Alhamisi hii Koku atakutana na wachongaji kumi na wanane kwenye soko la vinyago la Mwenge. Wakikubali kuitumia programu, kila mmoja atalipa Sh10,000 kwa mwezi. Wakikataa, anaifunga. Wote wanasubiri neno la Polikarpo.

"Sitaki anisifu," anasema, akifunga daftari. "Nataka nikisema shikamoo, aitikie marahaba."