Sauti ya Mama kwenye Flashi ya Katibu

Mnisamehe kwa mwandiko huu. Nimesoma shule ya msingi tu, naandika polepole, na herufi zangu zinaegemeana kama watu waliochoka kwenye foleni. Nilipokosea, someni kile mnachoona nilitaka kusema. Mbele za watu huwa sisemi, ndiyo maana naandika.

Naimba besi, mstari wa nyuma, katika kwaya moja ya kanisa hapa Ifakara. Mama yangu ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu mkuu. Tulirekodi nyimbo zetu akiwa mzima, na katika wimbo wa mwisho anaimba peke yake ubeti mzima. Baadaye alitokwa na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji. Alipona, analima na anapika, lakini tangu hapo anaongea kwa kunong'ona tu. Sauti yake ilibaki kwenye ule wimbo, basi.

Fundi aliyeturekodi alizimwaga nyimbo zote kwenye kompyuta ya kwaya. Akatuambia yeye hatabaki nazo, maana mashine yake hujaa, na akatushauri tutoe nakala tuziweke mahali pengine. Katibu wetu alisema hilo aachiwe yeye. Katibu alikuwa amewahi kuhudhuria semina ya kompyuta, na kila kikao alitukumbusha.

Alinunua flashi mbili, moja yake na moja ya mwenyekiti, akazitia kamba. Wakawa wanazivaa shingoni, hata msibani. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi, katibu alichomeka yake kwenye kompyuta ileile ya kwaya, akabonyeza, wimbo ukalia, tukapiga makofi. Halafu aliichomoa taratibu kama anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto, akairudisha shingoni. Hakuna aliyewahi kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Ya nini, wakati inalia?

Masika yalipokuja, mto ukapanda, na maji yakaanza kuingia kwenye chumba cha kwaya. Tulikimbia kuokoa mali. Tukapandisha juu ya kabati sare, kinanda, ngoma, hadi maua ya plastiki. Nikaenda kuishika kompyuta. Katibu akaniambia niiache, nibebe kiti cha mwenyekiti, kile chenye foronya. Akainua ile kamba yake.

"Hilo ni boksi tu, kijana. Nyimbo ziko hapa."

Nikabeba kiti. Kiti kipo mpaka leo, kizima kabisa.

Maji yalipotoka, kompyuta ilikuwa imejaa tope. Mwenyekiti aliagiza ianikwe kwenye turubai, pembeni ya mpunga wake, na jioni wakaiwasha ikiwa bado inatiririka. Ilitoa moshi. Hakuna aliyesikitika sana, kwa kuwa flashi zilikuwepo.

Tukazipeleka kwa dada mmoja mwenye steshenari mjini, atusaidie kuweka nyimbo kwenye kompyuta nyingine. Alichomeka ya katibu, akabonyeza, kimya. Akachomeka ya mwenyekiti, kimya. Akatazama skrini kwa muda, kisha akauliza kwa adabu nani alizinakili. Katibu akasema ni yeye, na kwamba ana cheti.

"Kaka, humu hamna wimbo hata mmoja," alisema yule dada. "Umenakili vile vialama vyenye mshale vya kuonyesha wimbo uliko. Ni kama umeng'oa kibao cha gesti ukaondoka nacho, ukidhani umebeba gesti."

Ndiyo maana zilikuwa zinalia kila Jumamosi. Kibao kilikuwa kinaelekeza kwenye gesti, na gesti ilikuwa palepale ndani ya kompyuta. Mafundi wawili waliichunguza ile iliyoungua, wote wakasema haitoi kitu.

Siku ya pili katibu alikuja nyumbani na kilo ya sukari. Alimwamkia mama, akakaa, akaeleza kwa kirefu kuhusu mabadiliko ya teknolojia, na kwamba kamati itaundwa. Mama akamjibu kitu. Katibu akainamisha kichwa.

"Mama, ongea kwa sauti kidogo, sikusikii."

Mama akamnyooshea kidole kifuani, pale flashi ilipokuwa bado inaning'inia. Nilikuwa karibu, nikasikia vizuri.

"Sauti si umeivaa wewe?"

Katibu akaishika ile flashi kama imeshika moto. Chai hakumaliza.

Mtauliza kwa nini waumini wengine hawakuwa na nyimbo hizo. Mwenyekiti alikataza zisirushwe kwenye simu yoyote hadi siku ya uzinduzi, na uzinduzi ulikuwa unamngoja mgeni rasmi mwenye hadhi. Aliyerusha angehesabiwa mwizi. Mwenyekiti amekataza mengi, na hili ndilo pekee watu walilotii.

Isipokuwa mvuvi mmoja wa Kivukoni. Nilipomfuata alikana kabisa, akidhani nimetumwa kumkamata. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani, akatoa simu. Siku moja alisimama dirishani wakati wa mazoezi, akarekodi ule wimbo wa mwisho kutoka kwenye spika. Kiitikio chote kipo. Kisha ngoma zinanyamaza, mama anasikika akivuta pumzi ili aanze, na hapo alipigiwa simu, ikakata.

Mama husikiliza hiyo pumzi mara kwa mara. Kipande hicho nimekiweka kwenye simu yangu, kwa yule dada wa steshenari, na kwa shangazi yangu Kisawasawa ambako maji hayafiki. Kwa wote wawili nimekifungua nikakisikiliza mpaka mwisho, kwenye vyombo vyao, si kwenye simu yangu.

Sasa nawaomba ninyi mnaosoma. Kama ulipita dirishani kwetu na simu yako ikirekodi, au rafiki alikurushia wimbo wa kwaya ambapo mwanamke anaimba peke yake baada ya ngoma kunyamaza, niandikie. Sitakutaja kwa mwenyekiti. Andika hata kama mwandiko wako ni mbaya kuliko wangu, nitausoma polepole.