Mama alipokuja Texas bila meno ya mbele, na kliniki ya bei nafuu iliyofungwa tukiwa katikati

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika huku.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kimya miaka mingi. Juzi mdau mmoja aliuliza kama ni kweli Marekani mtu anaweza kukosa daktari wa meno. Nikaanza kumjibu kwenye comment, ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi. Haya yalitokea nyumbani kwangu na sina sababu ya kuyatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa. Naishi Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka watoto hawageuki hata kuiangalia. Nafanya kazi cargo. Mke wangu Njeri ni Mkenya, nesi kwenye nyumba ya wazee. Tuna binti mmoja, Eliana.

Nianzie 2017.

Mwaka huo gego langu la chini lilivimba mpaka shavu likawa kama nimeweka limao. Insurance ya kazini ilikuwa haijaanza, na hata ingeanza, meno hayakuwemo. Mkongo mmoja wa shift yetu akaniambia, "Kwenda kule Fort Worth, kwa kliniki ya batu bote. Utalipa kufwatana na mufuko yako."

Nikaenda.

Wakuu, sisemi palikuwa peponi. Ulitakiwa ufike alfajiri upange foleni nje. Viti vya plastiki, tv moja inayoonyesha tamthilia za Kihispania, watoto wanalia. Lakini hawakuniuliza habari za uhamiaji. Walitaka tu barua inayoonyesha ninapoishi na karatasi ya mshahara.

Mapokezi alikuwepo mama mmoja wa Kimeksiko, Miss Gloria. Waafrika Mashariki tulikuwa wengi pale hadi alijifunza neno "pole", na akalipenda. Alimwambia kila anayeingia ameshika shavu. Hata Wameksiko wenzake aliwaambia pole, na wao wakaitikia tu.

Daktari mwenyewe alikuwa mzee wa Kivietnam, mfupi, mwenye raba nyeupe. Tulimwita Daktari Binh. Nilimwambia aling'oe hilo jino yaishe, maana kwetu nilikokulia dawa ya jino ilikuwa koleo. Akatikisa kichwa.

"Tukilitibu litakaa," akasema. "Tukiling'oa halirudi."

Alinitibu kwa safari tatu. Kila akichoma ganzi alikuwa anakuwekea mkono begani na kusubiri, haendi kwa mgonjwa mwingine mpaka aone umetulia. Jino hilo ninalo mpaka leo naandika hapa, na mahindi ya kuchoma nalitafunia.

Sasa tuje kwa Mama.

Mama alikuja kututembelea Oktoba 2019, visa ya miezi sita. Ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Kama wewe ni wa Mpwapwa na unajua kusoma, huenda ni yeye aliyekufundisha a e i o u.

Pale airport alinikumbatia huku mkono mmoja ameshika ncha ya khanga mdomoni. Nikadhani ni baridi ya kiyoyozi. Kumbe meno matatu ya mbele ya juu hayapo. Yameng'olewa moja moja hospitali ya wilaya, na kwenye simu alikuwa akiniambia camera yake ni mbovu.

Eliana alikuwa na miaka sita, na yeye meno ya mbele yameanza kudondoka. Akamkazia bibi yake macho, akafungua mdomo wake na kuonyesha pengo.

"Bibi, we match."

"Kasema nini?" Mama akaniuliza.

"Anasema mmefanana."

Mama alicheka mpaka mabega yanatikisika, lakini nyuma ya khanga.

Kilichoniuma zaidi ni mezani. Nyumbani kwetu aliyekuwa anaombea chakula ni Mama, siku zote, hata baba alipokuwa hai. Sasa kila tukikaa anasema, "Omba wewe, baba." Siku ya nne nikamuuliza kwa nini. Akasema neno lenye f au s likitoka mdomoni linapuliza upepo, na yeye hawezi kuongea na Mungu kwa filimbi.

Njeri ndiye aliyekata shauri. "Hii si maneno ya aibu tu," akaniambia jikoni. "Mum hali. Anameza tu uji na ndizi. Kesho mpeleke ile kliniki yenu."

Nikampeleka.

Miss Gloria alimkuta Mama ameziba mdomo, akasema "Pole, Mama." Mama akageuka kuniangalia, kama ananiuliza huyu ni wa wapi.

Daktari Binh alimpima taratibu. Meno mawili zaidi ya mbele yalikuwa yanacheza, hayaponi, hayo yatolewe. Lakini pembeni kulikuwa na saba yamesimama imara. Akasema atamtengenezea meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yatakayojishikiza kwenye hayo saba. "Saba ni mali," akasema.

Hayo mawili yakatolewa, tukasubiri fizi zipone. Desemba akachukua vipimo: unang'ata kitu cha pinki kama ugali ambao haujaiva, kinaganda, kinatoka na umbo la mdomo wako. Kisha wanamimina plasta humo, wanapata mfano wa kinywa chako cha kuweka mezani.

Januari 2020 tukaenda kujaribisha. Meno yalikuwa yamepangwa kwenye nta, bado hayajawa ya kudumu. Akampa Mama kioo. Mama alijitazama muda mrefu sana. Kisha akaniambia, "Mwambie hili la pembeni langu lilikuwa limeegemea kidogo. Yakinyooka yote hivi watu watajua."

Nikatafsiri huku nimeona haya. Daktari Binh hakucheka. Alichukua kisu kidogo, akakipasha joto, akalilaza lile jino kidogo kwenye nta. Akampa kioo tena.

"Hapo," Mama akasema. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Ilibaki safari moja tu, ya kuyachukua.

Tulipofika siku hiyo tulikuta karatasi mlangoni. Huduma ya meno imesitishwa. Madaktari wengine wanaendelea, presha, sukari, chanjo, lakini meno basi. Ruzuku ya kuendesha kitengo hicho ilikuwa imeisha na haikuongezwa tena. Daktari Binh alishaondoka wiki iliyotangulia.

Miss Gloria alikuwa ndani anapanga mafaili kwenye maboksi. Alinieleza kwamba kampuni iliyokuwa imalizie meno haijapelekewa kazi yoyote tena. Akaingia stoo, akarudi na boksi dogo. Ndani kulikuwa na kinywa cha Mama cha plasta, na yale meno kwenye nta.

"Kwa sheria ningetakiwa nijaze fomu," akasema. "Chukueni tu. Ni mdomo wake."

Nilitoka pale nimebeba boksi kama mtu aliyebeba mayai.

Niliwahi kupita tena mtaa ule mwaka huo huo. Walikuwa wameng'oa herufi za neno DENTAL ukutani, lakini pale zilipokuwa rangi haikupigwa jua, kwa hiyo bado unalisoma vizuri. Nilipaki nikakaa kama dakika tano. Sikuwa na la kufanya pale. Niliwakumbuka watu wa ile foleni, yule bibi wa Kihonduras aliyekuwa anatugawia mkate, mzee wa Kisomali na tasbihi yake. Nikajiuliza kila mmoja ameenda wapi na shavu lake.

Tukaingia private.

Ofisi ya kwanza ilikuwa Mansfield. Wakuu, ile sehemu ni nzuri. Mashine ya kahawa, kochi la ngozi, tv ipo darini ili uangalie umelala. Lakini boksi letu hawakutaka hata kulifungua. Walimpiga Mama picha za mdomo, wakamkagua dakika chache, kisha akaja dada mmoja nadhifu na tablet. Yeye si daktari, kazi yake ni kuelezea mpango na malipo. Mpango ulikuwa kung'oa yale saba yote na kumwekea bandia nzima ya juu. Akasema ni rahisi kutunza, na nikisaini leo kuna punguzo.

Nikamtafsiria Mama.

"Haya saba yana kosa gani?" Mama akauliza.

"Hayana kosa, Mama. Ndivyo wanavyofanya hapa."

"Basi sitaki."

Nilikuwa nimechoka, nimeomba ruhusa kazini mara nyingi, na kidole kilikuwa tayari juu ya ile tablet. Mama akaninyanyua mkono, kwa upole tu, akauweka kwenye paja langu. Kama anavyomzuia mtoto wa darasa la kwanza asichore ukutani.

Tulipofika kwenye gari nikamwambia neno ambalo mpaka leo linaniuma. Nilisema, "Mama, hapa si Mpwapwa. Huwezi kuchagua chagua."

Kutoka Mansfield mpaka Euless alitazama nje dirishani. Jioni hakula hata ule uji.

Njeri alipoambiwa hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na hayo meno saba ni ya nani?" Akaenda kukaa na Mama chumbani.

Aliyetuokoa ni dada yangu Rehema, anaishi Missouri City kule Houston. Alisikia kanisani kuhusu daktari mmoja, Mmarekani mweusi, mzee, ana ofisi yake mwenyewe katikati ya kinyozi na duka la vipodozi, na meno ya bandia anayamalizia mwenyewe chumba cha nyuma. Private, lakini anaongea na wewe.

Tukafunga safari, karibu masaa manne barabarani. Tulipovuka nusu ya njia nikajikaza.

"Mama, siku ile nilikosea."

"Ulikosea," akasema. Kisha akaongeza, "Endesha gari."

Yule mzee wa Houston alifungua boksi, akatoa kile kinywa cha plasta, akakizungusha kwenye mwanga wa dirisha. Akaona lile jino lililolazwa kidogo. Akauliza nani kalifanya. Nikamweleza habari za Daktari Binh na kliniki.

"Huyu anajua kazi," akasema. "Na hizo kliniki ndizo zilizonifundisha mimi pia. Siku hizi zinafungwa moja moja."

Alichukua kipimo kimoja upya kwa usalama, akasema yale saba yanabaki. Bei ilikuwa juu mara kadhaa ya kule kliniki, siwezi kuwadanganya, lakini chini ya nusu ya Mansfield. Mimi na Rehema tukachangia. Mama akabaki kwa Rehema.

Wiki ya kwanza ya Machi nikarudi kwa siku yenyewe. Mzee akamvalisha Mama meno, akamwambia ahesabu kwa Kiingereza kuanzia sitini, kwa sababu hapo ndipo sauti za s zipo nyingi. Kiingereza cha Mama cha hesabu kilikuwa kimelala siku nyingi. Akafikiri kidogo, akakaa wima kwenye kile kiti, akaanza.

"Fa fe fi fo fu."

Mzee akafumba macho anasikiliza.

"Sa se si so su."

Akayatoa, akasaga sehemu kidogo, akayarudisha. Mama akaanza tena, sasa kwa sauti ya darasani, ile ya kufika mpaka dawati la nyuma. Sha she shi sho shu. Vya vye vi. Hakuna kilichopuliza. Rehema alitoka nje akasema anaangalia gari. Mimi nilibaki nikikodolea macho kalenda ya ukutani maana nisingeweza kuangalia kitu kingine.

Nikamrudisha Euless, na Jumapili hiyo Mama alisimama katika ibada yetu ya Kiswahili akasoma somo la kwanza. Na chakula cha mchana aliombea yeye. Aliomba kirefu, Eliana akafungua jicho mara mbili.

Jumapili iliyofuata kanisa lilifungwa. Mnakumbuka mwaka ule. Mama amepata meno, na dunia nzima ikaambiwa izibe midomo.

Ndege yake ya Aprili ikafutwa. Tuka-apply aongezewe muda, akakaa nasi mpaka Septemba. Miezi yote hiyo aliocheka nao tulikuwa sisi watatu tu wa ndani. Sasa hivi naihesabu kuwa baraka, ingawa wakati ule tuliona kifungo.

Siku ya kuondoka, pale ukaguzi, afisa mmoja kijana alichukua pasipoti yake, akamwomba ashushe barakoa alinganishe sura. Picha ya pasipoti Mama amefunga mdomo kabisa, amenuna.

Mama akashusha barakoa na kutabasamu. Meno yote, na lile moja limeegemea kidogo.

Afisa akaangalia picha, akamwangalia, akaangalia picha tena. Akasema kwa adabu kwamba si lazima atabasamu.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kamba, nikamtafsiria kwa sauti.

Mama akajibu bila kunigeukia, "Mwambie asubiri, sijamaliza."

Sikumtafsiria afisa. Alielewa, akasubiri.

Wakuu, funzo nililobaki nalo ni hili. Private si adui, na bei nafuu si dharau. Kaskazini na kusini mwa Texas nimekuta daktari mwema katika chumba chenye viti vya plastiki na mwingine katikati ya kinyozi na vipodozi. Usisaini kitu siku ileile kwa sababu kuna punguzo. Na ukimpeleka mzee wako hospitali, kiti cha mgonjwa ni chake. Wewe ni mkalimani tu. Mimi nilisahau hilo kwa dakika moja na nusura meno saba yaende.

Kliniki zile nazikumbuka sana. Kama kuna aliyetibiwa kwenye ya aina hiyo, Dallas, Houston, au hata hospitali ya wilaya nyumbani enzi zile, aniandikie hapo chini alimkuta nani na alitendewa nini. Nitasoma zote, na Mama nitamsomea kwenye simu.